Sarafu ya Mchimba Visima

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji, na wapwa zangu? Nimesikia yule mdogo ameanza kung'oka meno. Mwambie asilie, mjomba wake anakula kwa kutengeneza meno ya watu. Sisi huku tunapumua. Wifi yako anakusalimu sana. Baba mwili wake bado una nguvu, ila mtoto wa jicho amezidi, sasa anatujua kwa sauti tu. Mimi ndiye siko sawa. Sababu utaijua mbele. Nakuomba usiichane barua kabla ya kuimaliza.

Kazi yangu unaijua: nachonga jino kwa nta, nalifunika kwa plasta, kisha namimina madini ya moto. Mchana mmoja nilikuwa nasubiri plasta igande, nikashika simu kupoteza muda. Nikakutana na tangazo la mtu anayeuza vitu vya kale mtandaoni. Kulikuwa na sarafu ya fedha, yenye sura ya mfalme mwenye ndevu, imetobolewa juu ya taji, na ukingoni ina kovu. Dada, moyo ulinipasuka. Niliona sarafu ya Babu, ile aliyoikuta chini ya kisima alichokuwa akichimba, akaigonga kwa sururu kabla hajaiona, kisha akaitoboa aivae shingoni. Ile ambayo Baba alirithi akaificha kwenye kopo la majani ya chai, mpaka siku uliyoambiwa umeiiba.

Muuzaji alijiita Mzee wa Kale. Nilimwomba picha nyingine, akasema mwanga wa kwake ni mbaya. Nikamwomba nilipe nusu, akasema wapo wateja wawili wanaingoja, na mwisho wangu ni saa kumi jioni. Wifi yako aliniambia wazi kwamba nauziwa mbuzi kwenye gunia. Nilimjibu kwamba nimemsikia. Saa kumi kasorobo nikajifungia chooni kazini, nikatuma pesa yote, ile tuliyoiweka ninunue tanuru langu mwenyewe niache kuajiriwa. Kidole kikabonyeza. Nikajua nimecheza kamari.

Baada ya hapo, kimya. Tangazo likaondolewa, simu yake ikawa haipatikani. Nikaanza kuogopa mambo ambayo sikuyafikiria mwanzo. Mtu yule nilimpa jina langu na mahali ninapofanya kazi ili atume mzigo, na anajua kuwa pesa ninayo. Kisha namba nisiyoijua ikaanza kunipigia. Napokea, hakuna anayesema, nasikia mikwaruzo tu. Nikawa nabadilisha njia ya kurudi nyumbani, na kila nikifika nauliza kwanza kama kuna mgeni aliyekuja.

Siku ya tisa, dirishani, nikamwona mwanaume amevaa helmeti, amesimama ng'ambo ya barabara. Anatazama kibao chetu, anatazama simu, anatazama tena kibao. Akavuka. Nikasikia anataja jina langu mapokezini. Mimi, baba wa watoto wawili, nikajikunja nyuma ya magunia ya plasta! Daktari wetu wa meno ndiye aliyenikuta, akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ni mpeleka vifurushi, naye siku zote alikuwa akinipigia kwa simu iliyoharibika kipaza sauti. Nikatia sahihi na vumbi jeupe usoni.

Nilikifungua kifurushi peke yangu, nikaiweka sarafu chini ya kioo cha kukuzia. Sikuhitaji muda mrefu. Ukingo ulikuwa na mshono, na juu ya ndevu za mfalme kulikuwa na vitundu vya hewa, vile vile vinavyotokea mimi nikimimina vibaya. Hata kovu halikugongwa na kitu, lilimiminwa pamoja na sarafu. Tena lilikuwa upande wa kulia. La sarafu ya Babu lilikuwa kushoto. Pichani niliona nilichotaka kuona.

Mtu mwenye akili angeitupa. Lakini Baba anasubiri kufanyiwa upasuaji wa macho, na tangu apewe tarehe amekuwa akisema hataki kufa hajaishika sarafu ya baba yake. Nikamwekea kiganjani, nikasema imepatikana. Alilipapasa lile tundu kwa kidole gumba, midomo ikamcheza. Nilidhani atashukuru Mungu. Akasema, "Kumbe alikuwa nayo miaka yote hii. Mwambie dada yako nimemsamehe."

Kinywa kikafunguka chenyewe, kikasema, "Ndiyo, Baba."

Dada, hapo nilikusingizia mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa. Ni mimi niliyeitoa sarafu kwenye kopo. Nilimpa fundi baiskeli wa pale kona, naye akanipa mpira wa kuchezea. Baba alipokuta kopo tupu, wewe ndiye uliyekuwa umefagia chumba kile. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikia fimbo, nikahesabu, na sikutoka. Kesho yake ukapelekwa kwa Shangazi, sare yako ya shule ikabaki kwenye kamba, haijakauka. Hukurudi darasani tena. Ulipoolewa, Baba hakuja. Nawe hujawahi kuniuliza hata siku moja, na mara nyingine nilihisi unajua. Nimeishi nikiliogopa swali hilo kuliko fimbo.

Siku nne Baba alimwambia kila aliyeingia kwamba amemsamehe binti yake. Aliwaambia majirani, akamwambia hata anayetuletea maji. Jana asubuhi sikuweza tena. Nikafunga mlango, nikamweleza yote, pamoja na kwamba sarafu aliyoishika ni ya bandia. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Aliniomba tu nirudie ile habari ya sare. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilimpiga bure?" Nikamjibu, bure. Akageukia ukutani, hakula mchana, hakula jioni. Leo alfajiri ameniita nimtafutie viatu vyake.

Tunakuja Jumamosi kwa basi la kwanza. Nilitaka akupigie simu, amekataa. Anasema neno kama hili haliwezi kupitia kwenye waya, na upasuaji utasubiri. Barua hii nampa dereva wa basi leo ili itutangulie, usije ukashtuka kutuona, na ili upate nafasi ya kuamua.

Naogopa, dada. Naogopa ukifungua, naogopa usipofungua. Haki yote unayo wewe. Nakuomba jambo moja: ukiona huwezi kutupokea sote, mpokee yeye. Mimi nitamfikisha mlangoni, nimwelekeze mkono wake ulipo ubao, kwa sababu amesema hodi atapiga yeye mwenyewe. Kisha nitarudi nyuma nikae barabarani mpaka utakaponiita, hata kama ni kwa kunitukana.

Msalimie sana shemeji, na uwabusu watoto wote kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekukosea.