Ngoma ya Warusi Inayolia Kama Yako

Baba Nafula,

Hujambo mpenzi? Huku joto linakausha nguo kabla sijamaliza kuanika. Jana binti yetu alinipeleka mji wa Lusail, hapahapa Qatar, kutazama mazoezi ya baleti ya Kirusi ya zamani. Nilitarajia wasichana wepesi kama manyoya. Loo! Walivaa majoho ya sufu, wakakanyaga sakafu kama watu wanaokanda udongo wa nyumba, huku ngoma ikilia mara mbili, mara tatu, mara tano, bila mpangilio.

Wachezaji walipotea. Mwalimu wao akapanda kiti, akahesabu kwa kelele mpaka sauti ikamkauka. Nikajikuta napiga makofi, na kila kofi likaangukia palepale ngoma ilipolia. Wakaanza kunifuata mimi!

"Mama, nani alikufundisha?" mwalimu akauliza, Nafula akitafsiri.

"Mume wangu. Anapiga ngoma kanisani, nami humwambia anakosea."

Alicheka sana. Akasema hata mtunzi wa muziki huo alizomewa na watazamaji, ingawa aliyavuruga mapigo makusudi, tena akiwa amekubaliana na mchoraji wa mavazi na mtunga dansi.

Basi nisamehe kwa yale maneno niliyokurushia mbele ya kwaya siku ya Pasaka, kwamba unavuruga mapigo. Jumapili piga unavyosikia moyoni. Wakinuna, waambie mkeo ametoa idhini kutoka Uarabuni. Kula vizuri, na ujue kwamba bila mkoromo wako sipati usingizi.

Wako,
Mama Nafula