Mstari wa Kumtegemea Mama Furaha

Jumatano, Februari 2006. Asubuhi mvua ya barafu, sasa jua lisilo na joto. Moyo wangu uko hivyo hivyo.

Neema sasa hivi amefungua droo ya CD ya kompyuta, ameweka ndani kipande cha ndizi, ameifunga, na amekaa chini kungoja itoke ndizi nyingine. Ana karibu miaka mitatu. Uso wote una vipele vya tetekuwanga, na nimempaka ile dawa ya rangi ya waridi hadi anafanana na keki ya harusi. Nimemwambia, mama, haitoki kitu hapo. Akanijibu, "It's coming, Mummy." Mimi nazungumza Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na tunaelewana.

Ndizi nimeitoa kwa mpini wa kijiko. Kompyuta bado inafanya kazi, Mungu ni mwema.

Leo ni siku ya tatu sijatoka nje. Mtoto haruhusiwi kuchanganyika na wengine, na baba yake amelala juu baada ya kazi ya usiku, kwa hivyo hata kikombe nakiweka mezani polepole. Laini ya simu ni moja: nikiingia kwenye intaneti simu haiiti, nikitoka kwenye intaneti sijui kinachoendelea. Nimekaa katikati ya vyote hivyo, na saa kumi na moja jioni inakuja.

Niseme jambo lenyewe tangu mwanzo, maana nimelibeba tumboni tangu Jumatatu.

Mwaka jana nilienda kujifunza kompyuta, darasa la bure, na mwalimu alikuwa Mzee Kanti. Ni Mhindi wa Kisumu, amestaafu, na Kiswahili chake ni kile cha dukani cha zamani. Alipojua najua kuandika Kiswahili sanifu akaniingiza kwenye mradi wake. Ni programu kubwa ya zahanati, ya kuandikisha wagonjwa na kuchapisha kadi za miadi, na inatengenezwa na watu wa nchi nyingi bila malipo. Ina vipande vingi mno, sijawahi kumaliza kuvihesabu. Mimi niliishia kidato cha pili. Kazi yangu ni maneno tu: mahali palipoandikwa kwa Kiingereza, mimi naandika kwa Kiswahili chetu cha Kenya. Rafiki yangu Mama Furaha, aliyetoka Bukavu, anaandika kwa Kiswahili chao cha Congo. Dada yake ni nesi kwenye zahanati karibu na Bukavu, na zahanati hiyo inangoja programu hii.

Vipande vyote hivyo huunganishwa na mtambo mmoja. Kila kipande kina faili lake dogo, na kwenye faili hupewi nafasi ya kueleza namna ya kufanya. Unatangaza tu: mimi ni nani, nataka kuwa nini, nategemea kipande gani. Mtambo wenyewe ndio unapanga nani aanze na nani afuate.

Hilo lilinishinda kabisa mwanzoni. Niliandika kama mtu anayefundisha kupika: kwanza chukua maneno, kisha yapange, kisha yaweke pale. Mtambo ukakataa. Mzee Kanti akacheka mpaka akavua miwani. "Mama Neema, wewe hapana ambia yeye fanya hii, fanya hii. Yeye si houseboy. Wewe sema nataka nini, basi!"

Nilikaa na hilo siku nzima. Nikagundua kwamba maagizo ninayajua, ya kupewa na ya kutoa, lakini kusema nataka nini sijui pa kuanzia. Nani aliwahi kuniuliza?

Halafu tukafika kwenye ule mstari wa kutegemea. Mzee Kanti akauliza, "Yako nategemea nani?" Akimaanisha faili. Mimi nikafikiria mtu. Nilifika Bordesley Green, hapa Birmingham, na mimba ya miezi minane, na viatu vya wazi, mwezi wa kwanza. Mama Furaha hakunijua. Alinikuta kanisani nikitetemeka, akanivua vile viatu mbele ya watu akanivisha vyake. Nilipojifungua na titi likavimba kwa homa, ni yeye aliyemwosha huyu mtoto siku tisa. Basi nikaandika jina la faili lake. Nategemea la Mama Furaha.

Sikujua kwamba yeye, alipoulizwa swali lile lile, aliandika jina la langu. "Juu weye ulisoma kunishinda," aliniambia baadaye, yaani kwa kuwa nimesoma kumzidi.

Ikawa kama wageni wawili na kipande cha mwisho cha nyama. Chukua wewe. Aa, chukua wewe. Mtambo ukataka kuanza na langu, ukaambiwa subiri la Mama Furaha. Ukaenda kwa la Mama Furaha, ukaambiwa subiri la Mama Neema. Ukazunguka, ukasimama, na mradi mzima ukasimama nao. Watu ambao hawajui hata tuko upande gani wa dunia wakaamka asubuhi wakakuta kazi yao imekwama kwa sababu ya adabu ya wanawake wawili wa Birmingham.

Jumatatu Mzee Kanti akasema mmoja wetu afute mstari. Mafaili hayahitajiani, ni maneno tu, kila moja linaweza kusimama peke yake. Nikafuta wangu, kwa vile mimi ni mdogo kwake na ni haki yangu kutumwa. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Sikufikiri kwamba kila badiliko linatumwa kwa barua pepe kwa watu wote wa mradi, kwa Kiingereza, na kwamba Mama Furaha husomewa barua na binti yake Furaha, wa miaka kumi na mitatu, ambaye hupunguza maneno. Furaha alimwambia mama yake hivi: Mama Neema amesema hakutegemei tena.

Jioni simu ikalia. Mama Furaha, sauti ya chini. "Mama Neema, umenitosha. Umenitosha mbele ya batu bote."

Mimi nikafurahi! Kwetu kutosha ni kutosheleza, ni kujaza. Nikadhani ananishukuru kwa kumaliza lile tatizo. Nikamwambia kwa sauti ya kicheko, "Asante sana mama, nawe umenitosha kabisa, hata zaidi!"

Akakata simu.

Baba Neema alikuwa anafunga kamba za viatu. Yeye amefanya kazi na Wakongo miaka mitatu. Akaniuliza nani huyo umemwambia amekutosha. Nilipomweleza alianza kucheka, kisha akaacha. "Kwao kutosha ni kutoa, mke wangu. Amekuambia umemtoa mbele ya watu. Nawe umemjibu asante."

Nikarudi mezani nikawasha kompyuta.

Nikarudisha ule mstari usiku huo huo. Nikapiga simu, haikupokelewa. Jana nimepiga mara nne. Kwake ni dakika kumi kwa miguu, lakini Furaha hajawahi kuugua tetekuwanga, na siwezi kupeleka ugonjwa mahali ninapopeleka ombi la msamaha.

Nao mtambo, bila shaka, ukakwama tena. Leo saa saba Mzee Kanti amepiga. Hakucheka. Wakubwa wa mradi wanafunga toleo jipya saa kumi na moja. Kama ule mzunguko bado upo, Kiswahili kinatolewa, chote, chetu na chao, na wengine wanaendelea. Dada yake Mama Furaha atapokea programu ya Kiingereza asiyoisoma.

Kwa hiyo nikiuacha mstari, nampotezea kazi yake ya miezi saba. Nikiufuta, namtoa mara ya pili, na safari hii kwa kujua.

Saa nane nilikaa hapa, mkono juu ya kitufe. Saa tisa bado nimekaa. Neema amelala kifuani na joto lake, ameamka, amekula, amejaribu kuilisha kompyuta.

Nikiri jambo moja. Kilichonizuia si mapenzi peke yake. Niliogopa. Mtu akishakuokoa unaogopa kusimama mbele yake ukasema, hapa ninaweza mwenyewe. Unaona kama umeiba. Lakini ni kweli, faili langu linaweza lenyewe. Mimi ndiye siwezi. Hivyo ni vitu viwili, na nilikuwa nimeviandika kwenye mstari mmoja.

Kila unapobadilisha kitu kuna nafasi ndogo ya kueleza sababu. Watu huandika Kiingereza, maneno mawili matatu makavu. Saa tisa na nusu nimeufuta ule mstari, na kwenye nafasi ile nimeandika kwa Kiswahili, hata kama wa Brazil na wa India watashangaa:

"Faili hili halimtegemei Mama Furaha. Mimi namtegemea. Nataka arudi nyumbani kwangu."

Nimesoma mara moja tu, nisije nikabadili mawazo. Nimetuma.

Tangu hapo natazama majina ya vipande yakipita kimoja kimoja, polepole, laini ya simu ikikoroma. Wagonjwa. Dawa. Kadi. Kifaransa. Kihindi. Kiswahili cha Kenya, kimepita. Kiswahili cha Congo, kimepita.

Imekubali. Saa kumi na dakika tano, mradi mzima umekubali.

Nilidhani nitapiga kelele. Nimekaa tu. Nimekata intaneti ili simu iweze kuita, na nimeiangalia ile simu kama Neema alivyoiangalia droo, na haijaita. Labda Furaha bado yuko shuleni. Labda amesoma, amepunguza maneno tena. Labda mtu akitolewa mara mbili hasomi

Mlango. Mtu anapiga kwa kiganja, na sauti inapitia kwenye tundu la barua.

"Mama Neema! Weye mutu ya kunitegemea! Fungula, baridi inaniua!"

Amesoma mwenyewe, kwa Kiswahili. Neema ameshakimbia na vipele vyake vyote, anaita "Auntie! Auntie!", na Baba Neema kule juu anauliza nani anapigana. Naenda, naenda, niandike hili moja tu kwanza nisije nikalisahau nikimwona, kwamba mimi leo kwa mara ya kwanza nimesema ninachotaka na