Mpira Uliozibwa

Bondeni, Mombasa
2 Machi 1996

Mwanangu Famau,

Assalaam alaykum. Natumai huko Maskati wewe ni mzima na kazi ya gereji haikuchoshi. Sisi hatujambo, ila mamako pumu inamsumbua kwa joto hili. Anakusalimu, na kasema nikuulize kama unakula.

Gari linavuja oili. Fundi wa Majengo amebadilisha sili za kuzuia oili mara mbili na bado linaacha doa kila ninapoliegesha. Labda nikueleze: wanawake ninaowapeleka harusini walinilalamikia. Nguo wamezifukiza udi kutwa nzima, wakishuka garini wananuka oili. Nikafungua boneti nikaona ule mpira unaotoka juu ya injini unafuka moshi. Nikauziba kwa kitambaa na kizibo cha chupa. Harufu imekwisha na wateja wananisifu. Sasa hii oili yatoka wapi? Wewe ndiye msomi wa vyuma.

Babako,
Taib

Maskati
21 Machi 1996

Baba mpenzi,

Wa alaykum salaam. Nakubusu mkono, wewe na mama. Mwambie nakula mpaka suruali zinanibana.

Baba, umenichekesha na umenitisha. Moto unapowaka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kwenye ringi zinazoizunguka na kushuka chini kwenye oili. Injini zote hufanya hivyo. Ule mpira ndio njia yake ya kutokea: gesi hupanda humo, hupita kwenye vali ndogo, hurudishwa ndani ya injini ikachomwe. Wako umepasuka tu, ndiyo maana ulinuka. Ukiuziba, gesi hujaa ndani na kuisukuma oili itoke popote inapoweza. Sili hazina kosa, hata ukizibadilisha kila wiki.

Kitoe hicho kitambaa leo, utie mpira mpya. Kabla ya hapo usiliendeshe hata mpaka Marikiti. Oili ikiisha, injini itakwama na haitawaka tena.

Barua hii nitampa Chirau, anakuja huko.

Mwanao,
Famau

Bondeni
20 Aprili 1996

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Simu ya jirani ilikwambia mamako ametutoka, haikukwambia vipi. Mungu akupe subira.

Jumapili tulikuwa harusini Changamwe. Pumu ikamshika pale kwenye ukumbi, nikamtia garini niwahi hospitali mjini. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikasema nitatia oili tukifika. Pale Kibarani injini ikapiga kelele moja, ikakwama. Jua kali, magari yanapita. Nilisimama katikati ya barabara nikiinua mikono. Alipopatikana wa kutuchukua, mamako alikuwa ameshakata roho kwenye kiti cha nyuma.

Chirau aliniletea barua yako Jumatano, watu wamekaa kwenye khitma. Niliisomea chooni.

Nambie kweli, uniambie kama fundi, si kama mwana. Ni mimi niliyemuua?

Babako

Maskati
6 Mei 1996

Baba,

Wa alaykum salaam. Sijui nikuulize nini kuhusu hali yako.

Umeniuliza kama fundi. Ndiyo, injini ilikwama kwa sababu ya kitambaa. Siwezi kukudanganya.

Lakini tazama tarehe ya barua yangu. Posta iko ng'ambo ya barabara, na barua hufika Mombasa kwa siku kumi. Mimi nilitaka ije mkononi mwa mtu, kama tulivyozoea, pamoja na kanga niliyomnunulia mama. Safari ya Chirau ikaahirishwa mara mbili. Ningeweza kupiga simu kwa jirani, nikaona si jambo la kupigia simu. Barua ilikaa mfukoni mwa ovaroli yangu zaidi ya wiki tatu. Ungeipata, ungekitoa kile kitambaa kwa vidole viwili.

Wewe hukujua. Mimi nilijua. Waambie ndugu zangu, wana haki ya kujua. Kama hutaki kuniona, nitaelewa.

Famau

Bondeni
23 Mei 1996

Mwanangu Famau,

Assalaam alaykum.

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaichoma jikoni. Ndugu zako hawakuiona na hawataiona.

Njoo nyumbani. Siwezi kulala humu peke yangu.

Babako