Chai Yangu Ina Kasoro Gani Mpaka Mke Wangu Akanywe kwa Jirani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mtu wa kiwango changu ndiye anayeombwa, maana mimi ni fundi wa mitambo ya mvuke kiwandani na bila mimi mji huu usingekuwa na sabuni, watu wangenuka mpaka ng'ambo ya mpaka, na kuna mwaka tangi lilitaka kupasuka nikalikoholea mara moja likatulia, waulize walinzi, wapwa zangu wote wananiita Mjomba Mvuke na hawakuliokota jina hilo njiani.

Sasa mwezi uliopita mke wangu aliteleza kwenye ngazi za nyuma akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa plasta, daktari akasema wiki sita asiguse kazi, nami nikasema hiyo ndogo, nikachukua likizo, nikabandika ratiba kwenye mlango wa jokofu, na nakwambia kazi alizokuwa akizifanya asubuhi nzima mimi nazimaliza kwa dakika thelathini na nane, chai iko jikoni, mguu unasukuma tambara la deki, mkono unasugua sufuria, simu nimeibana begani naelekeza wenzangu wa zamu, vumbi lenyewe likiniona linajikusanya mlangoni.

Lakini chai yangu hainywi. Anaonja, anashukuru, anaweka kikombe dirishani, kisha anavaa ndala anakwenda kwa jirani yetu mshona nguo, na huko anamaliza vikombe viwili, nawasikia wakicheka. Nimechunguza kisayansi. Majani ni yaleyale, nimeyapima kwa kizibo, maziwa ya duka lilelile, maji ya bomba lilelile, nikaenda hata kusimama kwenye dirisha la jirani kumtazama anavyopika, hakutia kitu cha ajabu, alisimama tu akiangalia sufuria mpaka chai ikapanda, kisha akaniona.

"Shemeji," akasema, "umekuja kunywa au kukagua?"

Nilipomuuliza mke wangu kosa liko wapi, akasema, "Baba watoto, hii nyumba unaifagia kama unaifukuza." Halafu akaniarifu kwamba Jumamosi ya wiki ijayo dada yake anakuja kumchukua akakae kwake mpaka plasta itolewe, na begi ameshalishusha kutoka juu ya kabati. Miaka ishirini na tatu hatujalala nyumba mbili, mshauri. Nataka kujua hawa wanawake wanatia nini humo ndani, maana kipo kitu. Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mjomba Mvuke

JIBU

Mjomba Mvuke, shikamoo, halafu kaa chini.

Pole kwa kuuguza. Kuchukua likizo umtunze mkeo ni uungwana, wengine wangempigia simu huyo dada yake siku ileile aje amchukue. Lakini usinichoshe na dakika zako thelathini na nane. Nani alikuwa anakukimbiza? Umepima majani, umelishuku bomba, umechungulia madirisha ya watu, na jibu likakupita mbele ya macho: jirani alisimama akiangalia sufuria. Basi. Alikuwa anapika chai. Wewe unampa mgonjwa chai iliyopikwa njiani.

Kesho bandua hiyo ratiba. Simu iache chumbani. Ukiosha kikombe, osha kikombe, uyasikie maji mkononi. Ukifagia chini ya kiti chake, mwambie unapita, kisha rudisha kistuli pale mkono wake mzima unapofika. Chai ikiwa motoni usibanduke. Muulize anaipenda vipi, sikiliza anachojibu, mpelekee, kaa naye mpaka kikombe kiishe, na habari za matangi zibaki kiwandani. Begi usiliguse wala usimbembeleze asiende. Na usimtangazie kwamba unajitahidi. Ukiteleza leo, kesho anza tena kimyakimya.

AMETUANDIKIA TENA

Mpendwa mshauri, hayo uliyoniambia nilikuwa nayajua karibu yote. Hata hivyo nilijaribu, kwa ajili ya utafiti. Vyombo sasa vinanichukua saa nzima, na nimegundua jambo ambalo wataalamu wakubwa hawalijui, kwamba sufuria ikikaribia kuchemka hunyamaza kidogo kwanza, na mimi fundi wa mvuke miaka yote hii sikuwahi kulisikia kwa sababu ya makelele yangu mwenyewe. Jumamosi dada mtu alikuja, akanywa vikombe vitatu, akaondoka peke yake. Begi limerudi juu ya kabati. Mke wangu aliniomba nilipandishe, nikalipandisha polepole.

Sasa la mwisho, na hili naomba ulichape kwa herufi ndogo. Nilipomuuliza anaipenda vipi chai yake, alisema hanywi sukari, ameacha huu mwaka wa tano. Vile vijiko vitatu nilivyokuwa namtilia vilikuwa vyangu mimi. Anasema aliniambia asubuhi ya kwanza kabisa niliyompikia, na nikamjibu, sawa.