Barua Yako Niliyoikariri Bila Kuisoma

Kisanga,
Kilosa.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Devota,

Shikamoo. Salamu nyingine zote, za afya na mvua na mifugo, nisamehe nitaziweka chini kabisa, kwa sababu salamu ndizo zilizonisaidia kukukosea. Nianze na hili ambalo sijamwambia mtu yeyote tangu nizaliwe. Ile barua uliyomwandikia bibi mwaka 2018, aliyoileta mama Hildegarda kwa treni ikiwa imekunjwa ndani ya kitenge ulichomtumia bibi, sikuisoma. Nilijifanya naisoma. Nilikuwa darasa la tatu na nilikuwa sijui kusoma.

Najua hutaamini, maana baba alikuwa akinisifia hadi kwenu kwamba Scolastica ana mwandiko kuliko walimu. Mwandiko nilikuwa nao kweli, ila nilikuwa nachora. Mwalimu akiandika ubaoni mimi nanakili kama mtu anayedarizi ua kwenye kitambaa: mkia wa g ushuke chini ya mstari, tumbo la b lisivimbe sana. Nilichokuwa nachora sikukijua. Na kusoma tulisoma kwa pamoja, darasa zima la watoto zaidi ya themanini tukipaza sauti, kitabu kimoja watu sita, mimi nikiwa upande ambao maneno yako juu chini. Nikashika kwa masikio. Nikiona picha ya mbuzi, ukurasa wa mbuzi nautiririsha wote, hata pale pa kupumua napumua.

Na unajua barua inavyosomwa kwetu. Karatasi ina Kiswahili, macho yako kwenye Kiswahili, lakini mdomo unatoa Kisukuma kwa sababu bibi ndivyo anavyotaka. Nani atakayelinganisha? Halafu barua za ukoo wetu zote zinaanza sawa. Nilikuwa nimeshasikia nyingi. Basi bibi aliponikalisha kwenye kigoda akasema, "Msomi wangu, mwanangu anasemaje?" nikaikunjua, nikamwambia unamsalimia sana, huko mko wazima, mvua zimenyesha vizuri, ng'ombe wameongezeka, mtoto Lightness ameota meno, tuwasalimie wote. Hilo la meno nililitunga kwa sababu mama Hildegarda alikuwa amesema una mtoto mchanga, jina lake Lightness.

Bibi akauliza, "Basi?"

Nikasema, "Basi."

Aliiweka kwenye kopo lake la majani ya chai, lile analofungia shanga za mama yake. Kila baada ya muda ananiita tena nimsomee, nami narudia yale yale. Mara nyingine meno ya Lightness yanakuwa mawili, mara nyingine manne.

Aliyenikamata ni Mwalimu Tumwagile, nikiwa darasa la tano. Alinipa chaki ninakili tangazo la kikao cha wazazi ubaoni, kwa ajili ya ule mwandiko. Nilipomaliza akasema, "Vizuri sana. Sasa wasomee wenzako ulichoandika." Shangazi, nilisimama mbele ya maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikuyajua hata moja. Nikaanza kutokwa na jasho puani. Yeye aliniangalia kidogo tu, kisha akasema kwa darasa zima, "Scola amekaukiwa na koo kwa vumbi la chaki. Dotto, soma wewe." Mpaka leo nikikumbuka hilo koo langu nasikia kulia.

Kuanzia siku hiyo nilibaki shuleni kila mchana, eti namsaidia kupanga madaftari. Alikuwa na mfuko wa vizibo vya soda, kila kizibo ameandika silabi. Alinirudisha nyuma kabisa, kwenye a e i o u, mimi nikiwa na miaka kumi na moja, bila kunicheka. Alinifundisha kwamba kila herufi ina sauti yake, m inaguna midomo ikiwa imefungwa, s inatoa upepo kama tairi la baiskeli lililotoboka. Unasukuma kizibo kimoja kwa kingine, sauti zinashikana. Siku moja nilisukuma vitatu, vikasema ba-ru-bu... nikajua kimoja si chenyewe, nikakibadilisha bila kuambiwa. Ikawa barua. Mwalimu akafunga mfuko, akasema, "Nenda nyumbani sasa. Hiki kimeshakuwa chako."

Nikaenda nyumbani nikiwa na hamu ya kusoma chochote. Bibi alikuwa mtoni. Nikafungua kopo la majani ya chai, nikakaa juu ya gunia la mpunga, nikaisoma barua yako kwa kidole, tangu juu mpaka chini. Ndiyo barua ya kwanza niliyoisoma kweli katika maisha yangu.

Shangazi, ndipo nikajua. Nikajua kwamba mtoto hakuwa ameota jino hata moja. Nikajua ulimwomba bibi msamaha kwa kuondoka bila kuaga na kwa kutowahi mazishi ya babu. Ile sehemu ya mwisho naijua kwa moyo, na safari hii ni kwa sababu nimeisoma mara nyingi: *Mama akikubali nirudi nyumbani na mtoto, anitumie neno moja tu kwa mtu yeyote anayekuja huku. Nisipopata neno mpaka mpunga wa mwaka huu uishe kuvunwa, nitajua hanitaki.* Mpunga wa mwaka ule ulikuwa umeshavunwa, na wa mwaka uliofuata pia.

Nilipaswa kukimbilia mtoni siku ile ile. Sikwenda. Niliikunja kwenye alama zake za zamani, nikarudisha kopo. Niliogopa kuchapwa, lakini zaidi niliogopa uso wa bibi akijua msomi wake alikuwa anachora. Kadiri miaka ilivyoongezeka ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito. Krismasi ukimpigia baba, simu yetu unaijua, spika ya sikioni ilikufa zamani, kila anayepiga anasikika nyumba nzima. Bibi anakaa karibu akichambua mchele. Anakusikia ukiuliza habari za ng'ombe, humuulizi yeye. Ukikata simu, anainuka kufukuza kuku ambao hawapo. Wewe huko unangoja neno, yeye huku anangoja umuulize, na mimi katikati nimekaa kimya. Ndiyo maana naandika karatasi na sipigi simu.

Sasa nikueleze kilichonitoa huko. Ni mdogo wangu Kishiwa. Ulipoandika alikuwa bado anabebwa mgongoni, sasa yuko darasa la pili, na mwalimu wake ni huyo huyo Mwalimu Tumwagile, ameshushwa madarasa ya chini. Ungemwona, Shangazi. Alianza shule akijua Kiswahili cha kuombea maji tu. Leo hakuna kitu chenye maandishi kinachompita. Anasoma mfuko wa chumvi, anasoma gunia la saruji, anasoma kanga za wageni wakiwa wamekaa, hivyo wanalazimika kugeuka. Mwezi wa nne alikuja na baba kunitembelea shuleni kwangu Mikumi, wakapita kwenye kibao kinachoyataka magari yapunguze mwendo kwa ajili ya wanyama. Akakisoma chote basi likiwa linakwenda, kisha akamuuliza baba, "Na wanyama wao wameandikiwa wapi?"

Kila likizo nakaa naye nikimtazama anavyojifunza, na ninaona maajabu ambayo watu wazima wameshayasahau. Kwanza yeye na wenzake wanaandika hewani kwa kidole. Halafu wanaandikiana mgongoni, mmoja anachora herufi kwenye mgongo wa mwenzake, mwenzake anaitaja bila kuiona. Kisha silabi, kisha neno, kisha sentensi ambayo lazima ianze na herufi kubwa na iishe kwa nukta, na Kishiwa hiyo nukta anaikandamiza hadi penseli inatoboa karatasi. Imla anaipenda kama mchezo. Muhula huu wameingia zile silabi zenye konsonanti zilizoungana, mba, ndo, nji, nya, na anatembea nyumbani akizitafuta kila mahali. Lakini kinachonishangaza zaidi ni kwamba akifika kwenye neno asilolijua, anasimama. Anasema, "Hili silijui." Mimi hilo sikuliweza kwa miaka mitano.

Hata sekondari nimeliona. Kidato cha kwanza masomo yalipogeuka Kiingereza, darasa zima lilifanya nilichokuwa nafanya mimi, kukariri maana ya maneno na kuyarudisha kwenye mtihani yakiwa mabichi. Mimi nilishautambua ugonjwa wangu. Nikanyoosha mkono, mimi huyu ninayeogopa hata kuomba chumvi mezani, nikasema sijaelewa. Kwa hiyo usidhani nimebaki vilevile kabisa. Ni hili moja tu lililobaki.

Kishiwa amemwambukiza hata bibi. Wakibangua karanga, anamwandikia bibi mgongoni. Bibi anaijua herufi o peke yake. Anaiita jicho.

Sasa jana jioni bibi akalitoa lile kopo, akamwambia Kishiwa, "Wewe wa darasa la pili, kesho tukitoka kuanika mpunga utanisomea barua ya shangazi yako. Dada yako anasoma mbio kama anafukuzwa na nyuki. Karatasi mbili zimejaa pande zote, lakini maneno yake yanaisha sijakaa vizuri."

Mama akacheka. Kishiwa akasema, "Bibi, mimi nasoma polepole."

"Ndivyo ninavyotaka."

Sikula. Usingizi wenyewe nimeuona kwa mbali. Asubuhi wamekwenda kuanika, mimi nimebaki kwa kisingizio cha mazoezi ya Bailojia, na daftari la Bailojia liko hapa limefunika karatasi hii nusu. Nilitaka nikuandikie wewe kwanza kwa sababu karatasi hainitazami usoni.

Nasikia ndala za bibi uani, ile ya kushoto inaburuta. Kishiwa anakimbia mbele yake. Siku zote hapa ndipo ninapoiingiza karatasi chini ya daftari na kujifanya nachora mchoro wa jani. Wamefika mlangoni. Naiacha ilipo.

Shangazi, ninaendelea, sasa ni saa kumi jioni.

Bibi aliingia akauliza, "Unamwandikia nani?" Nikasema, "Shangazi Devota." Nikasema na yote mengine, kwa Kisukuma, nikitazama miguu yake yenye makapi ya mpunga. Hakunikatiza. Nilipomaliza akakaa kwenye gunia, akamwambia Kishiwa, "Soma." Kishiwa akasoma barua yako yote kwa kidole. Ilichukua karibu saa nzima. Akikwama anasema hili silijui, nami namsaidia neno hilo tu, kisha namweleza bibi kwa Kisukuma, bila kuongeza jino. Alipofika *a-ni-tu-mi-e ne-no mo-ja tu*, bibi akamwambia arudie hapo. Akarudia mara tatu.

Kisha bibi akanigeukia. Shangazi, nilitegemea fimbo. Akasema, "Nilijua unaruka maneno. Miaka yote hii nilidhani amenitukana, na wewe mtoto ukanionea huruma. Ndiyo maana sikumpa mtu mwingine aisome." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge chako kilekile. "Kumbe alikuwa anabisha hodi."

Amesema kuhusu mimi tutazungumza, na nitafua nguo zake likizo hii yote na ile ya Desemba. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Basi sasa salamu, zilizokaa chini kama nilivyokuahidi, na hizi ni za kweli. Sisi ni wazima, isipokuwa baba anaumwa mgongo kidogo kwa kubeba magunia. Mpunga umetoka vizuri, bado hatujaumaliza kuvuna. Ng'ombe ni kumi na mmoja, sijaongeza. Nawe unaendeleaje, kifua kimepona? Msalimie Lightness, umwambie nina deni naye la meno yote niliyomsingizia, na mjomba wake anamsalimia pia. Mama anakusalimia. Mwalimu Tumwagile hakujui, lakini nimemwekea salamu zake humu kwa sababu bila yeye hii barua isingekuwepo. Mungu awalinde njiani na awafungulie kila kituo.

Mimi ni mwanao niliyekuchelewesha, na ninayekupenda hata hivyo,

Scolastica.

Neno uliloliomba liko hapa chini. Nilitaka kuliandika mimi kwa mwandiko wangu, bibi akakataa, akasema mwandiko wangu ameshauona. Herufi mbili za mwanzo ni za Kishiwa. Yale macho mawili, moja kubwa na moja lililopinda kama yai, ameyaandika bibi mwenyewe, na nukta wameikandamiza wote wawili.

Njoo.