Mzee Atavuka Saa Saba Kasorobo

Mpendwa Apio, dada yangu wa kitanda cha chini,

Kitanda chako bado kimetandikwa vile ulivyokiacha siku ya kufunga chuo. Matroni alitaka kumpa msichana mwingine, nikamdanganya kwamba umeandika unakuja. Hujaandika, na mimi silali vizuri.

Unakumbuka somo letu la kwanza la astronomia? Sista alichomeka kijiti uwanjani, akasema tupime kivuli chake mpaka kiwe kifupi kabisa. Hapo ndipo jua linapovuka katikati ya anga. Tulisimama tumekinga macho kwa viganja, nawe ukasema, "Huyu Mzee anatuchoma na bado tunampigia saluti." Tangu hapo darasa zima la wasichana likaliita jua Mzee. Hata Sista siku moja alisahau akasema Mzee, tukacheka hadi akatutoa nje.

Kazi ya likizo ilikuwa ndogo: mimi nipime kivuli kwetu Butula, wewe kwenu ng'ambo ya mpaka, kisha tulinganishe. Kwa vile wewe ni msahaulifu na mimi ni mtu wa kuandika kila kitu, nilitia karatasi ndani ya daftari lako: "Mzee atavuka saa saba kasorobo. Usimtazame moja kwa moja. Andika kivuli chake."

Nilikusindikiza hadi Malaba, nikabaki upande wetu karibu na mama wa ndizi. Nikamwona askari wa huko akifungua begi lako. Alisoma karatasi, akaigeuza, akamwita mwenzake. Sauti yake ilinifikia: "Hii mzee ni nani? Anavuka aende wapi?" Pale mpakani kuvuka kuna maana moja tu: mtu anayepitishwa kwa siri. Ulijaribu kueleza, ukaonyesha juu kwa kidole, nao wakatazama juu wakadhani unawachezea. Kisha ukageuka, ukanitafuta kwa macho.

Apio, niliinama. Nilijifanya nachagua ndizi. Nilipoinuka, wewe na wale askari hamkuwepo.

Tangu siku hiyo naogopa kila kitu. Gari likisimama langoni, nakimbilia bwenini. Nimebadilisha mwandiko, sasa naandika herufi za kulala, na Sista ameniuliza kama mkono unaniuma. Jumamosi moja nilirudi Malaba kuuliza habari zako. Yule mama akaninong'oneza, "Dada, usitaje jina ya mtu hapa. Watauliza ni nani anauliza." Nikaondoka mbio, na sijarudi tena. Hilo linaniaibisha kuliko yote.

Kila mchana napima kivuli. Daftari langu lina safu mbili, na yako ni tupu.

Barua hii nampa dereva wa lori anayepita kwenu. Nimeiandika kwa mwandiko wangu wa zamani, ule ule wa ile karatasi, ili wakizilinganisha waone ni mkono mmoja. Na askari atakayeifungua kabla yako, asome hapa: Mzee ni jua. Karatasi niliandika mimi. Apio hana kosa.

Maneno hayo ningeweza kuyasema siku ile. Hatua zilikuwa chache tu.

Nakungoja, na naogopa,
mwenzako wa kitanda cha juu,
Nabwire wa Butula