Okelo Mtoni

Kebirigo, Ijumaa

Na mimi nilidhani mkubwa wa wauzaji ni yule mwenye sauti kubwa!

Asubuhi Mzungu wa kampuni yetu ya sabuni alikuja kumfukuza mwenzetu Mogaka, kwa sababu Jumamosi iliyopita hakuuza hata kipande cha sabuni. Kwa Wasabato hawa, Jumamosi nani angenunua? Mimi nilijifanya nahesabu mbuzi wa watu pale sokoni.

Okelo, mkubwa wetu kutoka ziwani, akasema, "Bwana, siku ya kuuza niliichagua mimi. Kama ni kufukuza, anza na mimi. Lakini tupe mpaka jioni."

Akamgeukia Mogaka. "Ndugu yangu, akina mama wanafulia wapi nguo za Sabato?"

Mogaka akatupeleka mtoni. Okelo akavua viatu, akaingia majini, akafua shati lake mwenyewe kwa sabuni yetu. Akina mama wakacheka.

"Wewe Mjaluo, mke amekukimbia?"

"Yuko nyumbani, mama, lakini sabuni ninayo mimi."

Kabla jua halijatua, masanduku yetu ya sabuni yalikuwa matupu. Mzungu aliporudi, Okelo alimwambia tu, "Bwana, hii ni akili ya Mogaka." Mogaka akabaki kazini.

Tangu mwaka jana naitamani kazi ya Okelo. Leo naiogopa. Sabuni ningeiuza. Ile sifa, nisingempa mtu.